Niandike, mwalimu?

Jirani wa chini anakaanga vitunguu tangu saa nne asubuhi. Anavipeleka hadi vinakuwa rangi ya kahawa, halafu ndiyo anatia bizari nzima, na hapo harufu inapanda ngazi na kuingia kwangu bila hodi. Mke wangu kasema leo hakuna kazi itakayofanyika humu ndani. Kweli. Nimeandika mistari miwili ya kodi ya programu, nimefuta mmoja. Akili iko Tanga, 2018, kwenye kile chumba cha ghorofani chenye feni moja.

Mnaojua kisa cha Mama Steshenari mnajua nusu tu. Ile nusu ambayo nimekuwa nikiisimulia mimi.

Siku 5, wanafunzi 11, Git, yaani programu inayotunza kila toleo la mafaili ambayo watu wengi wanayafanyia kazi pamoja. Mama Steshenari alikuwa mkubwa wetu sote. Kila asubuhi namwamkia shikamoo, anaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha anakaa kiti cha pili kutoka dirishani na kunisubiri nimfundishe. Duka lake lilikuwa Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Jumatatu nilianza na maelezo yangu ya kukariri, sijui historia ya mabadiliko, sijui kazi ya pamoja. Akanyoosha mkono.

"Yaani wanafunzi wanne wa chuo wanakuja na flashi nne. Kila flashi ina ripoti ileile. Wanabishana hapo hapo dukani ipi ndiyo yenyewe, mimi nachapa kurasa 60, halafu wanasema siyo hii. Nani analipa karatasi?"

Darasa likacheka. Nikamwambia, ndiyo, mama, tumekuja kwa ajili hiyo hiyo. Nimefundisha Git mara nyingi tangu siku ile na bado naanza na swali la nani analipa karatasi.

Mradi wa darasa ulikuwa faili moja: pilau.txt. Watu wanne kati yao walikuwa hawajawahi kuandika kodi yoyote, na sikuona sababu ya kuwatesa kwa vitu viwili kwa mpigo. Kila mtu atashika kipande chake cha pilau, mwingine mchele, mwingine nyama, mwingine viungo, na wote watapushi, yaani watapeleka kazi yao, kwenye repo moja, ghala la pamoja la mradi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoiandika Git mwezi wa 4, 2005, baada ya watu wa Linux kunyang'anywa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, programu ya kazi hiyo hiyo, alikuwa na maelfu ya mafaili ya kernel, kiini cha Linux, kichwani. Sisi tulikuwa na kilo moja ya mchele.

Jumanne ilimezwa na Vim, programu ya kuandikia ambayo Git humfungulia mtu. Mtu anakomiti, yaani anahifadhi mabadiliko yake kwenye historia, bila kuweka ujumbe, skrini inageuka, kibodi haimtii, na pa kutokea hapaonekani. Kijana mmoja wa Handeni alifunga kifuniko cha laptopu taratibu, kama anayefunika maiti, akaenda kunywa chai. Jumatano matawi, yaani njia za kazi zinazokwenda sambamba. Alhamisi sikumbuki.

Ninachokumbuka ni kaunta buku. Kubwa, jalada jeusi, la aina ileile anayoandikia madeni ya dukani. Mama alikuwa ameipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, nani, nini, namba. Kila mtu akikomiti na yeye akiipulu, yaani akiivuta kwenye mashine yake, anafungua historia na kunakili zile tarakimu saba za mwanzo za namba ya komiti. Siku ya tatu akaniuliza, "Mwalimu, hizi risiti zako mbona herufi haziendi mbele ya f?"

Hakuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamweleza kwamba namba kamili ina tarakimu 40, kwamba ni hesabu ya msingi wa 16, sifuri hadi tisa kisha a mpaka f. Haitolewi kwa zamu kama risiti za dukani. Git huikokotoa kutoka kwenye kilichomo ndani ya komiti, pamoja na jina la aliyekomiti, muda wake na komiti iliyotangulia. Ukigusa nukta moja inakuwa namba nyingine kabisa.

"Kwa hiyo haighushiki."

"Kwa shida sana, mama."

Nikamwambia pia asijisumbue kuandika, kompyuta inakumbuka. Akasema sawa. Akaendelea kuandika.

Ijumaa asubuhi ndipo mambo yalipochangamka. Wawili walishika mstari mmoja kwa wakati mmoja: dada mmoja kaandika nyanya mbili zilizosagwa, bwana mmoja wa Pangani kaufuta mstari wote. Mgongano, kama nilivyokuwa nikiuombea. Skrini ya projekta ikajaa ile mishale saba inayoelekea kushoto, chini yake alama saba za usawa, chini kabisa mishale saba inayoelekea kulia, na katikati nyanya. Nilikuwa nimetenga dakika tano za kuonyesha namna ya kusuluhisha. Tulitumia arobaini. Bwana wa Pangani alisimama kabisa. Pilau ya nyanya, alisema, ni wali mwekundu, ipewe jina lake. Yule dada akajibu kwamba kwao inaliwa na sahani inarudi tupu. Mimi nilikaa kimya, maana Git yenyewe hapo hukaa kimya: inakuonyesha pande zote mbili na kukuachia wewe. Mwishowe wakaandika mstari mmoja kwa mikono minne, wakameji, yaani wakaunganisha kazi zao, na ujumbe wa komiti ukawa "nyanya kachumbari tu". Watu wakapiga makofi. Kila mtu akapulu. Wakaenda kuswali, na wengine wakaenda kula.

Sasa ile nusu nyingine.

Vyeti vilikuwa saa nane, basi langu la Dar saa tisa na nusu, na mgeni rasmi alikuwa ameshafika anajipepea kwa bahasha. Laptopu iliyokuwa kwenye projekta ilikuwa imebadilishwa; hii ilikuwa ya waandaaji na sikuwa nimeipulu tangu Alhamisi. Nikaona mtu kaandika "bizali". Nikasahihisha, nikakomiti, nikapushi. Ikakataa. Ilikuwa sahihi kukataa, ilikuwa inaniambia kuna kazi ya wenzako huna. Kwa siku nne nilikuwa nimewaambia watu wale, nikiigonga meza kwa kidole, kwamba ikikataa usilazimishe, pulu kwanza.

Nililazimisha. `git push --force`, na mkono mwingine nikimsalimia mgeni.

Kisha, na hapa ndipo ninapojishangaa zaidi, nikageukia darasa: "Ili wote tuwe sawa, andikeni hivi." Nikawaandikia ubaoni fetch na reset --hard, amri za kuchukua kilichopo kwenye repo na kuifananisha mashine yako nacho. Watu 11 wakatii kama jeshi. Tena walitii kwa furaha, kwa kuwa safari hii hakuna aliyepata kosa.

Nikaifungua pilau.txt mbele ya mgeni. Mistari minne.

Feni ilikuwa inazunguka na kugonga kitu kila mzunguko, tak, tak. Nikafunga faili, nikafungua tena, kana kwamba ilikuwa na haya tu. Minne. Dada aliyepewa mchele akauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, mchele wangu uko wapi?"

Nilifungua historia: Alhamisi, na juu yake bizari yangu. Nikaenda mashine ya Handeni: hivyo hivyo. Ya Pangani: hivyo hivyo. Nilikuwa nimewafutisha wenyewe. Jasho lilinishuka mgongoni likafika kwenye mkanda. Nilijua kuna dawa, nilishawahi kuisoma mahali, ila wakati ule kichwani mlikuwa na ile feni peke yake.

"Unatafuta ya kabla ya swala?"

Kaunta buku lilikuwa wazi mapajani mwake, kidole kimesimama mstari wa mwisho. Hakupandisha sauti. "Tisa. E ya embe. Nne. C ya chai. Saba. Sifuri. B ya bibi."

Nilipiga magoti kando ya kiti chake, nikaandika kwenye laptopu yake `git reset --hard 9e4c70b`, nikabonyeza. Jibu likaja hapo hapo: HEAD, ile alama ya ulipo kwenye historia, sasa iko 9e4c70b, nyanya kachumbari tu. Nikafungua faili. Mchele upo. Nyama ipo. Kachumbari ipo. Safari hii sikulazimisha; nilimeji bizari yangu juu ya kazi yao, polepole, herufi kwa herufi, kama mtu anayevuka daraja la mti, kisha tukapushi kutoka kwake.

Mgeni rasmi ndiye aliyeuliza, akitabasamu: "Mwalimu, hiyo ulifanya makusudi?"

"Ndiyo," nikasema. "Zoezi la dharura."

Makofi. Yalikuwa makubwa kuliko ya nyanya. Nikaanza kugawa vyeti na mikono bado inatetemeka, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikikisimulia kisa hiki hivyo hivyo, kwenye vikao na kwenye usaili wa kazi: namna nilivyowafutia kazi yao kusudi ili wajifunze kwamba haipotei. Watu hukipenda.

Tulipopita Segera nikaisoma ile dawa kwenye simu. Inaitwa reflog. Kumbe kila moja ya mashine zile 11 ilikuwa na kaunta buku lake, inaandika kila HEAD inapohama, na usipobadili chochote inavihifadhi vitu vilivyoachwa bila tawi kwa siku 30. Amri moja tu ingetosha, bila kupiga magoti. Hata hivyo sidhani kama ningeikumbuka siku ile, hata mgeni angekaa hadi jioni.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo vitunguu hivi vimenichokonoa kwalo. Wakati wa kuagana, watu wanapiga picha ngazini, Mama Steshenari alinisogelea na kalamu mkononi. Alikuwa ameshajaza mstari mpya: Ijumaa, saa nane na robo, Mwalimu. Chini ya "nini" palikuwa bado peupe.

"Hiyo ya makusudi," akaniuliza taratibu, wasisikie wengine. "Niandike, mwalimu?"

Nilicheka. Nikamwambia aandike anavyoona yeye. Akaniangalia kidogo, akafunga kitabu na kalamu ndani yake, akanitakia safari njema. Bodaboda ilikuwa inaningoja.

Mtoto wa jirani amebisha hodi sasa hivi. Kaleta sahani, imefunikwa na sahani nyingine. Nimefunua. Ina nyanya.

Nimekula yote.