Kuhama kulinivuruga, kumbe shida yenyewe inajulikana

Jamani toka nihamishiwe kazi huku Mwanza nikawa silali, nalia tu, hata sangara wa Kirumba hapiti kooni, na nyumbani wananiambia we omba tu utazoea. Mshauri nasaha akanielewesha kuna shida ya akili ya kushindwa kuendana na mabadiliko, huwa inaanza ndani ya miezi 3 tangu jambo litokee na kwa wengi inaisha ndani ya miezi 6 lile jambo lililokuelemea likishaondoka. Sio uvivu na sio kurogwa! Saa hizi naongea nae, jioni natembea Capri Point na jirani yangu Msukuma, usingizi umeanza kurudi. Kama umehama, umeachika au umefiwa na hauko sawa kaongee na mtaalamu, na ukiwaza kujidhuru nenda hospitali leo leo.