Jioni shangazi alipodhani nimesamehewa

Juzi binti yangu aliniona nikilipa kadi kwa simu. "Mama, si ulisema bili inafungwa tarehe 20? Mbona unalipa leo 18?" Nikamwambia benki za Marekani kwa kawaida hupeleka taarifa ya salio kwa kampuni zinazotunza rekodi za mikopo siku bili inapofungwa, wala hazisubiri siku ya mwisho ya kulipa. Ukingoja ile ya mwisho, salio kubwa limeshasomwa. Akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Mimi mawazo yakanirudisha Majengo, Moshi, jikoni kwa shangazi.

Ni mwaka ule wa baba. Nilitoka Houston kwa wiki tatu, nikakaa Moshi miezi minane. Kadi moja niliilipia kile kiwango cha chini tu, nyingine sikuigusa.

Shangazi alikuwa anamenya ndizi za mtori wakati picha ya barua ilipoingia kwenye simu, imetumwa na rafiki aliyekuwa akinipokelea barua kule. Ilikuwa ya ile kadi nisiyoigusa: dola 1,850, "charged off". Shangazi akauliza maana yake. "Wamelifuta," nikasema. Hilo ndilo neno lililonijia. Akaweka kisu chini. Vidole vilikuwa vimeshakuwa vyeusi kwa utomvu, akainua mikono yote miwili vivyo hivyo, maganda yakamporomoka mapajani, akamshukuru Mungu kwa sauti mpaka jirani akaitikia kutoka uani. "Si ndiyo tunayoomba kwenye sala kila siku? Wamekusamehe deni, mwanangu."

Nilivuta kigoda nikakaa karibu yake. Nikamweleza kwamba kadi isipolipwa siku 180, benki ya kule hutakiwa kuliandika deni kama hasara kwenye vitabu vyake. Deni lenyewe liko palepale. Inaweza kuendelea kulidai au kuliuza kwa kampuni ya kukusanya madeni, na doa hukaa kwenye taarifa yako ya mikopo takriban miaka 7 tangu ulipoanza kuchelewa.

"Kwa hiyo ni kama kikoba kikikuandika umeshindwa?"

"Ndiyo shangazi, na bado unadaiwa."

Akaokota kisu. Hakusema kitu kwa muda mrefu.

Nilipiga simu benki siku tatu baadaye, saa kumi na mbili jioni, kule saa tatu asubuhi. Swali la kwanza lilikuwa deni liko mikononi mwa nani, maana likiwa limeuzwa, ukimlipa asiyelimiliki umepoteza. Lilikuwa bado lao. Wakakubali 1,100 kwa mkupuo mmoja. Wa kwenye simu alitaka namba ya akaunti papo hapo. Nikakataa mpaka barua ije, imeandikwa kiasi, siku ya mwisho, na kwamba salio litakuwa sifuri. Ikaja baada ya siku nne. Zile 750 zilizobaki zilinifuata kwenye kodi: kule deni lililosamehewa likifika dola 600 huandikiwa fomu ya 1099-C, nalo kwa kawaida huhesabiwa kipato.

Kadi ya pili ilikuwa rahisi zaidi. Limiti 2,500, salio 2,300, yaani asilimia 92. Wengi hushauri usizidi asilimia 30, kwa hiyo kwangu ilikuwa 750. Nikaishusha hadi 700, na taarifa iliyofuata alama zangu za mikopo, zile namba zinazoonyesha unavyoaminika kukopeshwa, zikapanda. Alama nyingi hutazama salio la sasa tu, hazikumbuki mwezi uliopita. Ile kadi ya kwanza ndiyo inayokumbukwa.

Shangazi aliomba kuiona barua ya mwisho. Akapitisha kidole kwenye ile sifuri.

"Sasa wamekusamehe?"

"Wamepokea pungufu, shangazi. Ila doa bado lipo."

"Basi huko siyo kusamehe," akasema, akarudi kwenye sufuria.

Binti yangu hajauliza bado kadi ya kwanza iliishia wapi. Akiuliza, sijui nitumie neno gani.