Nguzo ya nyuzi za kioo hushikia wapi ndani ya mzizi?

Wenzangu wa fani ya meno hupenda kuulizana ni nguzo (kijiti kinachobandikwa ndani ya mzizi wa jino) ya kampuni gani iliyo bora, lakini ni mara chache mtu kuulizwa jinsi alivyousafisha mfereji wa mzizi kabla ya kuibandika. Binafsi naona swali hili la pili ndilo lenye uzito, kwa kuwa nguzo ya nyuzi haina hesi za kung'ang'ania kama skrubu wala haikai kwa kubanwa. Inategemea gundi, na gundi haishiki ukuta mchafu.

Ieleweke kwanza kwamba nguzo haiuongezei mzizi nguvu. Kazi yake ni kushikilia kiini cha resini (plastiki ngumu ya kujazia meno) kitakachobeba taji, yaani kifuniko cha jino, pale ambapo jino lililotibiwa mzizi limepoteza sehemu kubwa ya mwili wake. Kuta zikiwa zimebaki za kutosha, haihitajiki kabisa. Kinacholikinga jino lisipasuke ni ukingo wa dentini (sehemu ngumu inayounda mwili wa jino) wenye kimo cha milimita 1.5 hadi 2 unaozungukwa na taji pande zote. Chuma cha pua kina ukakamavu wa takriban gigapaskali 200, ilhali dentini ina kama 18, na tofauti hiyo ndiyo inayofanya nguzo za chuma zipasue mizizi na jino liishie kung'olewa. Nguzo za nyuzi, zilizoanzia Ufaransa takriban mwaka 1990 zikiwa za kaboni nyeusi, hupindika kwa kiwango kinachokaribia kile cha dentini, na zinaposhindwa, mara nyingi huchomoka tu.

Zinachomoka kwa nini? Dawa ya klorini tunayosafishia mfereji huacha oksijeni inayozuia resini iliyomo katika gundi isigande vizuri. Yujinoli iliyomo katika baadhi ya saruji za kuzibia mizizi hufanya vivyo hivyo, nayo ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu, zile zile za Pemba ambazo watu wa pwani huzibandika kwenye jino linalouma. Tena resini husinyaa inapoganda, na ndani ya mfereji imezungukwa na kuta kila upande, haina pa kulegeza mvuto huo. Mwanga wa taa nao hufifia kadiri unavyokwenda chini, ndiyo maana mimi huchagua saruji (ndiyo gundi ya kubandikia nguzo) inayoganda pia kwa kemikali.

Katika kuutayarisha mfereji, hubakiza milimita 4 hadi 5 za gutapecha (utomvu kama mpira unaoziba mfereji) kwenye ncha ili mzizi usivuje, kisha hukagua kuta kwa lenzi za kukuza. Mifereji ya magego madogo mara nyingi ni ya umbo la yai, na keekee ya duara huacha utepe wa waridi wa gutapecha pembeni, ambao macho matupu huupita kirahisi. Huo lazima ukwanguliwe. Hufuata EDTA ya asilimia 17 (kioevu cha kuondoa utando wa uchafu ukutani), maji safi, halafu vijiti vya karatasi vya kukaushia. Hewa ya muda mrefu siipendi, kwani dentini iliyokaushwa kupita kiasi haipokei gundi vizuri. Saruji huijaza kwa sindano yenye ncha nyembamba kuanzia chini kwenda juu, ili mapovu yasinaswe. Nguzo yenyewe hupanguswa kwa spiriti na haishikwi tena kwa vidole. Urefu wake hupunguzwa kwa almasi na maji, kamwe si kwa koleo, maana koleo huponda nyuzi na kuzitenganisha.

Mgonjwa akirudi na taji mkononi, nguzo ikiwa imening'inia ndani yake, itazame kabla ya kuisafisha. Nguzo iliyotoka uchi inaonyesha kwamba saruji haikuishika. Iliyotoka na koti zima la saruji, jambo linalotokea zaidi, inaonyesha kwamba ni ukuta wa mzizi uliokataa, na kubandika upya bila kuukwangua na kuusafisha tena ukuta huo ni kumwandalia mgonjwa safari nyingine. Aidha, upime ule ukingo wa dentini: kama haupo, hata gundi iliyopakwa kwa uangalifu wote italemewa.