Kumlilia Mtoto Niliyemsubiri, Kumpokea Mtoto Aliyekuja

Madaktari huhesabu ugumba baada ya miezi 12 ya kutafuta mimba bila kuipata, lakini mimi na mume wangu tulitimiza miaka sita kabla ya kuthubutu kulitamka neno hilo. Tulipimwa sote wawili, tukaambiwa kwamba sababu haionekani upande wowote. Mara tatu tulijaribu kutungisha mimba nje ya mwili, utaalamu ulioipa dunia mtoto wake wa kwanza mwaka 1978, na kila mara niliipokea simu ya majibu nikiwa nimeketi sakafuni, kwa kuwa nilikwisha kujifunza kutoiamini miguu yangu. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 hukumbana na ugumba maishani, niliwaza ni wanawake wangapi niliowahi kuketi nao, kila mmoja akiwa amefunga kinywa chake.

Wazo la kuasili lilitoka kwa mume wangu, nami nililikubali upesi mno, kama mtu anayekimbia nyumba inayowaka. Afisa ustawi wa jamii aliyekuja kututathmini, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliuliza kuhusu kipato, afya na makazi yetu, na hayo tulikuwa tumejiandaa kuyajibu. Kisha akanigeukia na kuniuliza, “Mwanangu, yule uliyekuwa ukimsubiri tumboni, umeshamlilia?” Sikuwa na jibu. Alitueleza kwamba katika kuasili maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia, kama unavyoagiza Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na kwamba kazi yake ni kumtafutia mtoto wazazi, si kuwatafutia wazazi mtoto. Akatuomba tusitishe maombi kwa muda. Siku ile nilimkasirikia sana. Leo sioni mtu aliyetutendea wema mkubwa kuliko ule.

Tulikaa karibu mwaka mzima tukimwona mshauri nasaha. Tuliyataja kwa sauti majina tuliyokuwa tumeyaweka akiba, na ndipo kwa mara ya kwanza nilipomwona mume wangu akilia. Miaka yote nilidhani msiba ule ni wangu peke yangu, kwa kuwa sindano zilichomwa mwilini mwangu.

Binti yetu alikuja akiwa na miaka miwili na miezi minne. Sikujua kwamba mtoto anaweza kuanguka, goti likatoka damu, asilie wala asimtazame mtu. Kulia ni kuita, na aliyeita mara nyingi bila kuitikiwa hunyamaza. Tuliwasihi ndugu wasimbebe wala wasimlishe katika miezi ya mwanzo, ili ajue ni mikono ya nani atakayoirudia, na baadhi yao walituona wachoyo. Nakiri pia, kwa kuwa wengi wetu hulificha jambo hili, kwamba mapenzi hayakuja siku ya kwanza: nilimwogesha, nikamlisha, nikakesha naye kwa wiki nyingi huku moyo ukifuata nyuma ya mikono. Mwezi wa saba tangu aje kwetu alibanwa kidole na mlango, akapiga ukelele, akawapita watu wote sebuleni akiniita mama. Nilimbembeleza huku nami nikitokwa na machozi ya shukrani. Amri ya mahakama ilikuja baadaye.

Habari ya asili yake tulianza kumsimulia kabla hajaweza kuielewa, ili isitokee siku moja ya kufichuliwa siri. Tulimtengenezea kitabu chenye picha za makao alimolelewa na jina alilokuja nalo, ambalo hatukulibadilisha. Akiwa na miaka mitano alikifungua mapajani mwangu, akauliza, “Mama, yule mama aliyenizaa, aliponiacha alilia?”

Nilitamani kumtungia jibu zuri. Nilimwambia kwamba sijui, kwamba hakuna aliyeniambia, na kwamba akitaka tunaweza kumkumbuka pamoja. Akafikiri kidogo, akauliza kama mimi nililia kabla hajaja. Nikamwambia ndiyo, nililia sana. Akakifunga kitabu, akaegemea kifuani pangu, tukakaa hivyo mpaka mwenyewe alipotaka kushuka.