Basi la Viti 33 na Maji ya Bamvua

Basi tulilokodi kwa safari ya watoto kwenda baharini lilikuwa la viti 62. Lililokuja lilikuwa la viti 33, na lilifika saa moja na dakika 20 badala ya saa kumi na mbili na nusu. Langoni mwa shule, huku Likoni, watoto 54 wa Gredi ya 5 walikuwa wamejipanga na raba kuukuu miguuni, pamoja na watu wazima sita. Kondakta akashuka akasema lile kubwa limeharibika usiku.

"Watoto wenyewe wadogo, mwalimu. Wakae watatu watatu, si mbali."

"Hapana, mwanangu," mwalimu wa darasa akamjibu. "Kila mtoto na kiti chake na mkanda wake. Mkataba huu hapa, soma mwenyewe idadi ya viti."

Kwa safari nyingine, kucheleweshwa dakika 50 ni kero inayosahaulika mkifika. Hii ilikuwa safari ya kufunga muhula, mitihani imekwisha na walimu wanajaza alama, na ratiba yake ilipangwa na bahari. Siku yenyewe ilichaguliwa kwa mwezi: siku iliyofuata mwezi mpevu, maji ya bamvua, yanayopwa na kujaa kuliko siku nyingine. Hapa Mombasa siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo watoto hupata pwani kavu mchana kweupe, katika saa za shule. Juma moja baadaye ni maji mafu: hayapwi sana, hayajai sana, na kupwa kwenyewe huja alasiri wakati watoto wamechoka. Shule nyingi hupanga safari ya baharini kwa kuangalia ni lini basi lina nafasi, kisha hushangaa kwamba hawakuona kitu ila mawimbi. Jedwali la maji kupwa na kujaa ndilo la kuangaliwa kwanza, basi litafutwe baadaye.

Siku ile maji yalikuwa yanapwa hadi saa nne na robo. Ilibidi tuwe ufukweni Bamburi saa tatu na nusu, ili watoto wafuate maji yakitoka na wageuke kabla hayajaanza kurudi.

Watoto wakagawanywa pale pale kwa orodha ya darasa, wala si kwa anayepiga kelele zaidi. Kundi la kwanza watoto 30 na watu wazima watatu, jumla 33, liende baharini moja kwa moja. Kundi la pili watoto 24 na watu wazima watatu lianze Ngomeni, Fort Jesus, basi lirudi kuwachukua. Haller Park, iliyokuwa imepangwa katikati, ikafutwa. Niliiona hasara, kwa kuwa hakuna mahali pazuri zaidi pa kumweleza mtoto udongo unatokana na nini: lile lilikuwa shimo la machimbo ya kiwanda cha saruji, jiwe tupu, na kuanzia 1971 René Haller akapanda mivinje, kisha akaleta jongoo ili wayale majani yake magumu na kuyageuza mboji. Leo ni msitu wenye twiga.

Feri tulivuka sote pamoja. Abiria wa basi hushuka na kuingia kwa miguu, na mwenda kwa miguu halipi kitu, kwa hiyo udogo wa basi haukutusumbua hapo. Taratibu za kuvusha watoto ni chache lakini hazipunguzwi. Wawili wawili wameshikana mikono, mtu mzima mbele, mwingine nyuma kabisa, wengine ubavuni upande wa magari. Wahesabiwe kabla ya mteremko, wahesabiwe tena ndani, na mara ya tatu ng'ambo. Mteremko huteleza mafuta na maji ya chumvi, na umati wa asubuhi husukuma kutoka nyuma, kwa hiyo watoto wawekwe kando umati utangulie. Mkiwa ndani, kaeni mbali na mlango wa magari hadi feri isimame kabisa. Wazazi wa Likoni hawahitaji kuelezwa sababu. Tarehe 29 Aprili 1994 watu 272 walikufa maji feri ya Mtongwe ilipozama, na katika mitaa yetu kuna nyumba ambazo bado zinaihesabu siku hiyo.

Kundi la kwanza lilifika Bamburi saa tatu na dakika 35. Maji yalikuwa yameshakwenda mbali, yameacha mafungu ya mchanga, nyasi za bahari zimelala, na vidimbwi vya kila ukubwa. Kila kikundi cha watoto watano kilipewa fremu yake, ya kuhesabia viumbe walio ndani yake: mabomba manne ya PVC ya nusu inchi, kila moja sentimita 50, yameunganishwa kwa elbo, vile viungo vya kona, bila gundi ili yabebeke yakiwa yamefunguliwa. Mabomba yatobolewe kwa msumari wa moto yaingie maji. Yasipotobolewa fremu huelea na kuhama, watoto wakahesabu mahali tofauti na pale walipoanzia. Fremu haitupwi. Mtoto anayetupa hulenga kidimbwi chenye kaa, na hesabu yote huharibika. Wapige hatua kumi kuelekea majini, waiweke palipoangukia mguu, wahesabu, wapige kumi nyingine.

Katika watano, mmoja hushika fremu, wawili huhesabu, mmoja huandika, na wa tano huangalia bahari. Kazi ya huyo wa tano ni ya kweli, naye hubadilishwa kila kituo ili kila mtoto aipate. Wote husimama upande ambao maji yanaelekea, ili tope wanalotibua liende nyuma yao. Penseli, si kalamu, kwa sababu wino hutoka karatasi ikilowa. Jiwe likigeuzwa lirudishwe lilivyokuwa, maana wanaokaa chini yake hufa wakipigwa na jua. Kombe na simbi hawaokoti: sehemu kubwa ya bahari ya upande ule imo katika hifadhi ya bahari tangu 1986. Na wale konokono wa baharini wenye umbo la pia, ganda lenye marakaraka ya kuvutia, hawaguswi hata kwa kijiti, kwa sababu wana mwiba wenye sumu.

Champali tulizikataza tangu kwenye fomu ya ruhusa. Hunaswa na nyasi, mtoto akazifuata kwa mguu mtupu, na hapo ndipo hukanyaga wale wanyama weusi wenye miiba mirefu waliojificha mashimoni mwa mwamba. Kwa ajili hiyo tulibeba chupa mbili za chai zenye maji ya moto tupu. Mguu uliochomwa huloweshwa kwenye maji ya moto kiasi mtoto anavyoweza kustahimili, mtu mzima ayajaribu kwanza kwa mkono wake, maana joto hupunguza maumivu. Aliyechomwa alikuwa mmoja, miiba miwili ya kisigino, na baada ya nusu saa alikuwa anahesabu tena.

Wakaona viti vya pweza (wale wanyama wenye umbo la nyota), jongoo bahari, kaa wadogo wasiohesabika, na pweza mmoja aliyebadilika rangi mbele ya macho yao. Kwa saa nzima sikusikia mtoto akiuliza chakula.

Kundi la pili lilifika saa sita kasoro dakika kumi, na sehemu hii ya safari ndiyo inayonikalia moyoni. Basi lilikuwa limekwama kwenye foleni upande wa Daraja la Nyali, kwenda na kurudi. Watoto 24 wakashuka mbio na fremu mikononi, wakaona wenzao wamesharudi, wamelowa hadi magotini, wanasimulia pweza wao. Bahari bado ilionekana iko mbali. Mtu asiyeijua angesema muda upo.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa akipandisha mtumbwi wake.

"Shikamoo, babu," watoto wakamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mwalimu, msiwapeleke. Maji yashaanza kuja. Lile fungu mnaloliona kavu halina neno, lakini mkondo ulio huku nyuma yake hujaa kwanza. Mtakuwa mmesimama pakavu na njia ya kurudi hamna."

Hesabu ilikuwa upande wake. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawanya kimo chote ambacho maji hupanda mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha hupungua tena, mawili na moja. Kwa bamvua ya zaidi ya mita 3, ina maana saa mbili za mwanzo huongeza kiasi cha sentimita 80, kisha saa ya tatu peke yake huongeza sentimita 80 nyingine. Mtoto wa miaka kumi kwenye mkondo ule angefikiwa kifuani kabla hajamaliza kituo cha pili.

Hawakupelekwa. Wengine walilia. Mwenye mashua ya kioo akaona nafasi yake, akaja na "bei ya shule", shilingi 300 kwa kila mtoto, bila jaketi za kutosha za kuokolea maisha: alikuwa na kumi na mbili. Tukakataa. Bei za pale ufukweni ni ghali kuliko haki: dafu ambalo kwetu ni shilingi 50 waliliuza 100, na mwingine alitaka kutulipisha kivuli cha turubai lake.

Watoto wa kundi la pili wakapewa kazi ya mstari wa takataka ambao maji hujaa na kuuacha: wachambue, watenge kilichotoka baharini na kilichotoka nyumbani kwa watu. Ni kazi nzuri, na walijaza mfuko mzima wa vifuniko vya chupa. Lakini walijua kabisa kilichowapita.

Chakula kililiwa chini ya mivinje. Mahamri, mayai ya kuchemsha, viazi karai, ndizi. Mbaazi za nazi hazikubebwa ijapokuwa mahamri bila mbaazi huonekana pungufu: tui likikaa kwenye sufuria ya moto tangu alfajiri, kufikia saa saba limechacha, na hutaki watoto wa kuharisha ndani ya basi. Maji lita moja na nusu kwa mtoto, na dumu la lita 20 la akiba. Likaisha.

Ngomeni kundi la kwanza lilifika saa tisa, mvua ya masika ikianza kudondoka. Malipo huko ni kwa simu, si pesa mkononi, kwa hiyo yafanywe mapema, kabla watoto hawajasimama mlangoni mtandao ukigoma. Nimezuru ngome hii na watoto wengi na daima huwashika kwa mizinga. Safari hii, kwa kuwa walitoka baharini, macho yao yalikwenda ukutani. Msichana mmoja akaweka kidole kwenye jiwe akasema, "Mwalimu, hili ni tumbawe." Na ndivyo. Wareno walipoijenga kuanzia 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, waliijenga juu ya mwamba wa matumbawe na kwa mawe ya matumbawe, na mistari ya wanyama wale wa zamani bado inasomeka. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kulazimishwa kusikiliza. Kuzingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 waliuelewa kwa maji: watu wamezungukwa na bahari, na ya kunywa ni yale ya birika tu, tangi la kukusanyia maji ya mvua. Kundi la pili, lililokuja asubuhi kabla ya kuona bahari, liliandika kuhusu mizinga na vyumba vya gereza. Nimesoma karatasi zote 54 na tofauti iko wazi. Bahari itangulie, ngome ifuate.

Jioni mwenye basi alidai shilingi 4,000 za mafuta ya mzunguko wa pili. Mkataba wetu ulikuwa na idadi ya viti, nambari ya gari na saa ya kufika, kwa hiyo hatukuongeza hata senti, na katika zile 18,000 tulizoandikiana zikakatwa 6,000. Wazazi walichanga shilingi 700 kwa kila mtoto, na wengine walizileta hamsini hamsini kwa mwezi mzima. Pesa ya namna hiyo haichezewi.

Feri ya kurudi ilikuwa imejaa watu wa kazini. Nilipokuwa nimesimama katikati ya watoto wale niliona jambo linalonisumbua kuhusu kwetu. Hawa huvuka maji haya kila wanapotumwa Marikiti. Wanazaliwa wakisikia mawimbi. Na tuliwachangisha wazazi wao ili tukawaonyeshe kidimbwi Bamburi, ilhali Shelly Beach ipo, kwa mguu, yenye mwamba unaotoka wazi kila bamvua. Tumezoea kufikiri kwamba mafunzo yako ng'ambo.

Kesho yake maji yalipwa kama dakika 40 baadaye, na yalipwa vilevile sana, kwa kuwa bamvua huendelea siku kadhaa baada ya mwezi mpevu. Saa tatu na nusu wale 24 walitoka shuleni kwa miguu, kamba mkononi kuvuka barabara, fremu tano, chupa moja ya maji ya moto. Hakuna aliyelipa. Mwamba wa Shelly ni mkali zaidi na una mwani mwingi, kwa hiyo tulipunguza hatua kutoka kumi hadi tano na kuwakataza kukimbia kabisa. Walipata kaa wengi kuliko wenzao, viti vya pweza vichache, na pweza wawili, jambo lililomaliza ubishi wa darasa.

Majedwali yote ya hesabu za watoto yamebandikwa ukutani, Bamburi upande huu, Shelly upande ule. Zile shilingi 6,000 sehemu yake itanunua mabomba mawili ya mita 6, maana bomba moja hutoa fremu tatu. Gredi ya 4 wameshatafutiwa siku za bamvua za mwisho wa muhula wa pili. Agosti ni msimu wa upepo wa kusi, mawimbi hupiga kwa nguvu hata maji yakipwa, kwa hiyo wamewekewa siku mbili za akiba.