Barbera na kijungu cha moto
Jana usiku hapa Asti, kaskazini mwa Italia, ndipo nilipoielewa Barbera, mvinyo mwekundu wa huku. Mama mwenyeji alituwekea bagna càuda: dagaa wa chumvi na vitunguu saumu vilivyopikwa polepole kwenye mafuta ya zeituni mpaka vikapondeka, ndani ya kijungu cha udongo juu ya mshumaa. Unachovya pilipili hoho, kabichi, mkate. Mafuta yanakuganda midomoni, unapiga funda moja la mvinyo, uchachu wake unayafagia yote, unachovya tena. Ukakasi wake ni mdogo, kwa hiyo haugombani na chumvi ya dagaa. Barolo, mvinyo mwekundu mwingine, nauheshimu, hukaa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, ila huo niwekeeni kwa nyama ya ng'ombe iliyochemshwa hadi ikalainika.