Fensi ya farasi imekubali kupiga: kambi ya Kapiti

Fensi ya stima ya kulazia farasi imepiga. Kilovolti (kV) 4.1 kwenye udongo mkavu kama kigae, bila kumwaga hata kikombe cha maji. Wiki tatu za kubishana na ethi (njia ya stima kurudi ardhini hadi kwenye mashine), basi naandika vipimo kabla havijapotea.

Kwa wanaofuatilia: ni safari ya farasi watatu wa kilo 450 hivi, siku mbili kwenye tambarare za Athi-Kapiti, kusini mwa Nairobi. Maji hatubebi. Farasi mmoja hunywa lita 30 hadi 40 kwa siku, na kwa watatu huo ni mzigo wa hadi kilo 120 kwa siku, kwa hiyo kambi zinafuata visima, na wenye ng'ombe wanaombwa kwanza. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika tayari. Pundamilia hubeba virusi vyake bila kuugua, na visubi wanaovisambaza huuma tangu magharibi hadi alfajiri, hivyo tunalala mbali na bwawa.

Kazi ilikuwa pa kulaza farasi. Kamba ya juu, ile ya kufungia farasi, inataka miti miwili imara. Kapiti utapata migunga ya vinundu, kimo cha mtoto wa shule, imejaa chungu wakali. Farasi wa kigingi naye hujifunga miguu kwa kamba yake mwenyewe usiku. Ikabaki fensi ya stima: mashine ndogo ya sola, nguzo 16 za plastiki, roli moja ya utepe wa milimita 12 wenye nyuzi za chuma.

Mpango wa kwanza ulikuwa laini mbili, zote za moto, na fimbo moja ya ethi ya sentimita 60. Kipimo kikasoma 6.5 kV, na farasi akasugua pua kwenye utepe kama anajikuna. Mashine nzima, utepe mzima. Kipimo kinasoma fensi isiyo na mzigo, na hilo halikuambii farasi atasikia nini. Stima lazima ipite mwilini, ishuke kwato, irudi ardhini hadi kwenye fimbo. Udongo ule mweusi wa mfinyanzi ukikauka hausafirishi kitu, tena hujikunja na kupasuka, fimbo ikabaki imesimama hewani ndani ya ufa. Ukiinama unaona mwanga pembeni mwa chuma! Kwato nazo ni pembe tupu. Farasi mwenye viatu husikia zaidi.

Nikatengeneza farasi bandia: rezista 10 za omu 47 kutoka maduka ya Luthuli, Nairobi, zimeungwa mfululizo ndani ya bomba la plastiki. Jumla omu 470, karibu na zile 500 zinazotumika kupimia mashine hizi. Upande mmoja kwenye utepe, mwingine kwenye msumari ardhini, unapima kati ya ncha mbili. Ile 6.5 ikawa 1.1. Farasi anataka 3 kwenda juu. (Vile vipimo vya kitaa cha neoni wekeni kwenye sanduku la vichezeo.)

Fimbo tatu za mita moja, unene milimita 16, zikapandisha hadi 1.4. Hizo ni karibu kilo 5 za chuma kwenye mashogi (mifuko ya mizigo ya farasi), kwa faida ya 0.3. Maji ya chumvi lita 20 yakaleta 2.2, asubuhi tukarudi 1.5. Nani atabeba lita 20 za kumwagia fimbo wakati farasi ana kiu?

Dawa ni kuacha kuitegemea ardhi. Laini ya juu, sentimita 110, ni ya moto. Ya pili, sentimita 90, imeungwa kwenye ethi ya mashine. Ya tatu, sentimita 55, moto tena. Mdomo wa farasi unagusa mbili za juu kwa pamoja na mzunguko unakamilika hapo hapo. Laini ya ethi bado naiunga na fimbo moja fupi, chini ya beseni la maji panapomwagika kila mara, ili mvua ikinyesha ardhi nayo isaidie.

Tatizo jipya ni upepo. Nafasi ya sentimita 20 ni ndogo. Utepe ukipepea unagusana, fensi inapiga shoti na kunyamaza. Pindua utepe nusu mzunguko kati ya kila nguzo mbili, upepo unapita. Nguzo za kona zikazwe kwa kamba na vigingi vya hema, maana plastiki huinama na laini zinalegea. Usikanyage nguzo kuingiza kwenye udongo huo, kikanyagio kitakatika. Toboa kwanza kwa nondo ya milimita 12 na nyundo.

Hesabu: mraba wa mita 16 kwa 16 ni mita 64, mara tatu ni 192. Roli ya mita 200 inatosha, mafundo yakiwemo. Pale penye fundo zungusha waya mwembamba juu yake, la sivyo nyuzi za chuma hazigusani na utasikia cheche. Simba na fisi fensi hii haiwazuii, zamu ya usiku iko palepale.

Wiki hii ilikuwa ya kushona mashogi na kuyapima yalingane, tofauti isizidi kilo moja. Sijagusa sindano. Kukunja utepe wa mita 192 kwa mkono ni kutafuta mafundo, na fundi wa chuma wa Kamukunji, Nairobi, ana ringi ya baiskeli ya inchi 12 isiyo na kazi. Mkono wa kuzungushia ataulehemu kesho.